Muigai Amelala

Watu wa ng'ambo ya Ngong Road wakisikia Kibera huona mabati tu. Hawajui kwamba ukishuka Silanga, pale mabati yanapochoka na ardhi ikaanza kuteremkia bwawa liitwalo Dam, kuna mji mwingine mdogo, mji wa wakulima. Kuna sukuma, kuna nduma zenye majani ya kumkinga mtoto mvua, kuna miwa, kuna mchicha unaoota bila kuombwa. Dam yenyewe imefunikwa magugu mpaka ndege hutembea juu yake wakidhani ni nchi kavu, na harufu yake, tusidanganyane, si ya uturi. Lakini nduma haina pua. Na kama mji wowote wa wakulima unaojiheshimu, Silanga ilikuwa na mvinyo wake.

Mvinyo huo ulikuwa wa asali, na waliojua kuutengeneza vizuri walikuwa wawili. Wa kwanza ni Muigai, mzee wa Murang'a aliyefika Silanga siku zile ambapo wenye nafasi bado walicheza na mashua zao kwenye Dam. Wa pili ni Kasyoka, mjane kutoka Kitui, ambaye majirani walimwita Mama Mutheu kwa jina la binti yake aliyeolewa huko nyumbani. Mashamba yao yalipakana. Mpaka ulikuwa mstari wa miwa ambao kila mmoja aliapa ulipandwa na mwenzake, kwa hiyo hapakukatwa muwa bila kuombana ruhusa.

Siri ya mvinyo ule haikuwa asali. Asali hata mchuuzi wa barabarani anayo. Siri ilikuwa tunda refu, zito, lisiloliwa na mtu wala tumbili. Hupasuliwa, huchemshwa, huanikwa juani likauke, kisha hulazwa ndani ya maji na asali karibu na moto, na ndilo linaloamsha mvinyo. Ukimaliza unaliosha kwa maji matupu na kulianika tena, na kila linaporudi chomboni linakuja na kumbukumbu ya vyungu vyote lililopitia. Muigai aliyaita matunda hayo miratina, Kasyoka aliyaita miatine, na kila mmoja alimwambia mwenzake hajui kutamka. Kasyoka alipofika Silanga hakuwa na hata moja. Muigai alimgawia nusu ya yake bila kuombwa, akamwambia kwamba chungu kisicho na ndugu hufa mapema.

Mzee alikuwa na tabia moja. Hakuwa mtu wa kupiga hodi. Akifika mlangoni alikohoa, kikohozi kikavu cha ugoro, mara mbili, halafu akangoja. Kasyoka alimjibu kutoka ndani, "Ingia, mzee, hakuna mgonjwa humu." Wakaketi wakaonja, wakasengenya watu waliostahili kusengenywa.

Kabla ya mtu yeyote kuonja chungu kipya, kikombe cha kwanza kilikwenda ardhini. Mchungaji wa Kasyoka alikuwa amelikemea jambo hilo mimbarini, na Kasyoka aliitikia amina kwa sauti kuliko wote, akarudi nyumbani akamwaga. Alimwaga akiwataja wafu wake: baba, mume, na bibi yake Kathini aliyemfundisha kazi. Bibi huyo alikuwa mkali kwa jambo moja. Jina la aliye hai lisitajwe pale kamwe, kwa sababu ukilimwaga, ardhi itakaa ikimsubiri. Na likimwagwa kwa makosa, dawa ni moja: mwenye jina aje asimame pale pale udongo ulipokunywa, anywe kutoka chungu kile kile, na alitaje jina lake kwa mdomo wake. Kasyoka alidhani ni vitisho vya wazee. Ni nani, alijiuliza, atakayemdhania mzima kuwa mfu?

Kisha zikaja kura za ile Desemba. Jioni matokeo yalipotangazwa, moshi ulianzia juu, upande wa sokoni, ukateremka na njia hadi Silanga. Hakuna haja ya kuusimulia moshi ule. Waliouona wanaujua na wasiouona wameshasimuliwa vya kutosha. Vijana walipita mlango kwa mlango wakiuliza lugha za watu, na lugha ya Muigai ilikuwa ile iliyotakiwa kuondoka. Kasyoka alikuwa amejifungia, kitanda kimeegemezwa mlangoni. Alisikia vurugu kwa mzee. Akangoja kikohozi. Mzee akikohoa nitamfungulia, alijiambia, na huenda kweli angemfungulia. Muigai hakukohoa. Asubuhi nyumba yake ilikuwa wazi na tupu, na matunda yake yalikuwa bado yameanikwa juu ya bati, kwani hakuna mwizi aliyejua thamani yake. Kasyoka aliyaanua akayahifadhi pamoja na yake.

Aliyeingia nyumba ile ni Khamala, muuza makaa, mtu wa Bungoma, mzee wa kanisa, mpole hata kwa mbwa. Kibanda chake karibu na reli kiliungua siku zile zile, mkewe na watoto wakakimbilia nyumbani. Alisema anamwangalizia mzee tu. Akaandika jina lake mlangoni kwa kipande cha makaa, KHAMALA, herufi kubwa, kwa sababu wakati huo mlango usio na jina ulikuwa wa yeyote.

Katikati ya Januari Khamala alikuja kwa Kasyoka akiwa ameshika kofia mkononi. Alikuwa amepigiwa simu na msichana aliyejitaja kuwa Njambi wa Riruta, mtoto wa dadake Muigai. Sauti ilikuwa ikikatika katika, na simu haikukaa. Alijaribu kuipiga tena namba ile, haikupatikana. Alikuwa amesikia jambo moja tu vizuri.

"Mama Mutheu," akasema, "ameniambia nikuambie. Muigai amelala."

Kasyoka aliketi chini pale pale alipokuwa amesimama. Katika kanisa la Khamala, na la Kasyoka pia, mtu hafi. Kufa ni kwa kuku na betri za redio. Mkristo hulala, ndivyo inavyotangazwa na ndivyo inavyoandikwa msalabani. Hakuna hata mmoja wao aliyekumbuka kwamba mtu anaweza kulala kwa sababu ya usingizi. Kasyoka alimlilia mzee yule kuliko alivyomlilia mumewe, na hakuona haya, kwa sababu mume alimwacha na madeni lakini Muigai alimwachia kazi ya mikono.

Muda si muda Khamala akarudi, macho yameingia ndani. Alieleza kwa aibu, kama mtu anayeungama, kwamba pale nyumbani kuna mtu anakohoa. Jua likitua tu, mlangoni, mara mbili, kikavu. Akifungua, hakuna mtu. Kasyoka alitaka kumtania kwamba anayelala kati ya magunia ya makaa asishangae kusikia kikohozi. Lakini hakumtania, maana na yeye alikuwa amekisikia.

"Si umwagie huyu mzee kitu atulie," Khamala akasema. Mzee wa kanisa yule! Angalau aliinamisha kichwa alipokuwa akisema.

Kasyoka alitia asali yake ya mwisho na matunda yote, yake na ya marehemu. Mvinyo ulipoiva alichota kikombe cha kwanza, akasimama mpakani chini ya miwa, akamwaga akiwataja: baba, mume, Kathini. "Na Muigai," akasema. Udongo ukanywa upesi kama uliokuwa na kiu ya siku nyingi. Khamala alisimama kando, kofia mkononi.

Kikohozi kilikoma. Lakini chungu kilichofuata hakikuamka.

Mvinyo mzuri huongea. Ukiukaribia unasikia minong'ono midogo, kama wake wenza wanaosemana chumba cha pili. Chungu kile kilinyamaza. Kasyoka aliazima asali nyingine, akabadilisha maji, akasogeza moto. Kimya. Wako watakaosema kwamba matunda yaliingiwa na moshi wa mabomu ya machozi, au makaa yalikuwa haba na chungu kikashikwa na baridi. Huenda. Lakini wao hawakuwa wakiinama kila asubuhi kuweka sikio kwenye mdomo wa chungu na kusikia pumzi yao wenyewe. Kasyoka alianza kuogopa kuingia ndani mwake.

Wakubwa wakashikana mikono kwenye runinga. Mafundi wakaanza kuirudisha reli iliyong'olewa. Mwezi wa Machi ulipofika, mama mmoja aitwaye Kavetsa, muuza mboga wa Kawangware, alishuka Silanga kutafuta nduma. Aliona zile za Muigai zimejaa bila wa kuzichimba, akauliza ni za nani. Kasyoka akamwambia ni za mzee fulani, marehemu, na akamweleza habari zake. Kavetsa alisikiliza, kisha akakunja uso. Mzee kama huyo, alisema, yuko Riruta. Hununua ugoro karibu na meza yake.

"Yupi?" Kasyoka akauliza.

"Huyo wa kukohoa badala ya kubisha."

Jembe lilimtoka mkononi. Furaha ilimjaa kwanza, furaha ya kutaka kukimbia, na kabla haijamfika miguuni hofu ikaikamata. Alikuwa amemmwaga mtu aliye hai. Alikuwa amemkabidhi rafiki yake kwa ardhi, kwa jina, mbele ya shahidi, na ardhi ilikuwa imekaa ikimsubiri. Ndiyo maana chungu kilinyamaza. Ilimpasa amlete mzee pale mpakani, akija kwa miguu yake, kabla ardhi haijamfuata.

Hakumwambia Khamala. Alipanga matunda yote kwenye kiondo, akatia mvinyo ule bubu kwenye mtungi mdogo, akashika njia. Alipanda hadi Makina, watu wakitoka msikitini wakisalimiana kwa uangalifu wa siku zile, akapita vibanda vilivyobaki miguu tu, akavuka lami, akaelekea Kawangware. Huko nako milango ilikuwa imeandikwa kwa makaa na rangi. Majina tu ndiyo yaliyogeuka. Waliokuwa wakifukuzwa kule Silanga ndio waliokuwa wakifukuza huku, na waliokuwa wakifukuza kule ndio waliokuwa wamehama huku. Kasyoka aliyasoma majina yale moja moja mpaka akajisikia vibaya, akaanza kutazama chini.

Njambi, aliyempata Riruta jirani kwa kuulizia, alikuwa msichana mrefu mwenye shughuli nyingi, akifua uani. Kasyoka alipojitambulisha alifuta mikono akacheka kwa furaha. "Auntie wa Silanga! Karibu. Uncle amelala, nimwamshe?"

Kasyoka aliweka kiondo chini. Alicheka na machozi yakamtoka, na Njambi akabaki amesimama na povu mikononi, hajui amesema nini. Ilibidi aelezwe taratibu.

"Lakini hivyo ndivyo nilisema," Njambi akasema. "Niliambia huyo msee wa makaa, uncle amelala kwetu, msiwe na wasi. Kredo ya simu ikaisha. Halafu simu ikaibiwa."

Kabla hawajamaliza, mlangoni kulisikika kikohozi, mara mbili, na Muigai akatokea akiburuta blanketi. Alikuwa amepungua. Koti lilimning'inia mabegani, na ndevu alizokuwa akizinyoa kila Jumapili zilikuwa zimeachwa zijifanyie zitakavyo. Alimtazama Kasyoka.

"Sasa wewe," akasema, "umekuja kuniomba muwa?"

Walikaa ndani. Kasyoka alimweleza yote, simu, neno lile, kikohozi, kikombe, chungu kilichonyamaza. Mzee aliposikia kwamba alikuwa amekufa alicheka mpaka Njambi akamletea maji. Alitaka kujua matanga yake yalikuwaje. Aliuliza kama Khamala alilia, na Kasyoka akamwambia alilia. Hapo Muigai akaacha kucheka.

Kasyoka alimsihi. Hakumwomba arudi kuishi, hilo lingengoja. Alimwomba aje mara moja tu, mchana kweupe, asimame chini ya miwa, anywe funda moja na aseme jina lake. Alimwambia wazi kwamba anaogopa. Alimwambia pia lile ambalo hakuwa amepanga kulisema, kwamba tangu aondoke hakuna wa kuonja naye, na kwamba usiku ule alikuwa macho, kitanda mlangoni, akingoja akohoe.

"Nilifika mlangoni kwako," Muigai akasema. "Nikafunga mdomo kwa mkono. Ningekohoa ungenifungulia, na wangeingia na mimi."



Mzee akachezea kikopo chake cha ugoro, kisha akamsimulia usiku ule. Waliomtoa hawakuwa wageni. Mmoja alikuwa mteja wake, na alimwita mzee kwa heshima wakati anamwambia atoke. Hata hivyo hakuwa anamfikiria huyo. Alimfikiria Khamala.

"Alinibebea godoro mpaka njia panda," akasema. "Analia. Ananiambia, mzee usijali, nyumba nitakuangalizia. Mtu anakubebea godoro lako akilia, Mama Mutheu, utamshukuru ama utamlaani? Mimi mpaka leo sijajua."

Akaeleza kwamba akirudi, itabidi Khamala atoke, na hana pa kwenda. Au asitoke, na watatazamana kila asubuhi kwenye njia ile nyembamba. Marehemu hatazamwi na mtu. Marehemu analiliwa, anamwagiwa, anasamehewa na waliomkosea. Silanga ilikuwa imemlilia vizuri, naye hakutaka kuiharibia.

"Hilo jina liache palipomwagwa," akasema. "Wakikuuliza, waambie nimelala. Si uongo. Mchana wote nalala."

Kasyoka alimwambia ardhi inasubiri. Muigai akasema ardhi inamsubiri kila mtu, si yeye peke yake mwenye miadi. Kisha akamtania kidogo, kwa upole. "Kwenu jina lako si maana yake ni aliyerudi? Basi rudi wewe. Mimi sikupewa jina hilo." Alimwapisha, na Kasyoka, akilia, akaapa.

Alionja mvinyo ule bubu. Akauzungusha mdomoni akameza. "Haujafa huu," akasema. "Umelala tu." Akamwaga matunda yote ya kiondo mezani, akayagawa nusu kwa nusu bila kuchagua, kama alivyofanya mara ya kwanza, akasukuma nusu upande wa Kasyoka. Akakumbusha habari ya chungu kisicho na ndugu. Katikati ya maneno kidevu kilimwangukia kifuani, na Njambi akamfunika blanketi. Kasyoka aliondoka bila kuaga.

Alipofika Silanga jua lilikuwa linaelekea kuchwa. Khamala alikuwa amesimama mbele ya mlango wenye jina lake, mikono nyuma, kama mtu aliyesimama hapo tangu asubuhi. Alikuwa amekutana na Kavetsa.

"Mama Mutheu, ati mzee ameonekana Riruta," akasema. "Ni ukweli?"

Kasyoka alikumbuka kiapo. Alikumbuka kidevu kikianguka na blanketi likipandishwa. "Muigai amelala," akamwambia.

Khamala akavua kofia. Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, kisha akageuka kuingia ndani kuwasha taa. Mwanga uliposhika, Kasyoka aliona kilichokuwa nyuma yake. Magunia ya makaa yalikuwa yametolewa na kupangwa nje ya ukuta. Sakafu ilikuwa imefagiwa. Godoro la Khamala lilikuwa limekunjwa na kufungwa kamba, tayari kubebwa. Khamala aliinama taratibu, akaanza kufungua kamba.

Kasyoka alifungua mdomo. Angeweza kusema. Neno moja tu lingemrudisha mzee kwenye miwa yake, au labda lisingemrudisha. Lakini kiapo hakikuwa chake kukivunja, na mdomo aliufunga tena. Aliingia kwake akayalaza matunda chunguni, akawasha moto. Alichukia mikono yake kwa jinsi ilivyojua kazi.

Chungu kiliamka. Siku alipokuta kinanong'ona, Khamala alikuwa amekwishaisikia harufu, akaja akasimama kando ya miwa bila kuitwa, kofia mkononi, ameinamisha kichwa. Kasyoka alichota kikombe cha kwanza. Akamtaja baba. Akamtaja mume. Akamtaja Kathini, na hapo akasita. Akilipita jina lile, Khamala atajua. Akilitaja, safari hii halitakuwa kosa.

"Na Muigai," akasema, akamwaga.

Khamala aliitikia amina akarudi kwake. Kasyoka aliketi ndani na kikombe kitupu mapajani, chungu kikisengenya pembeni. Jua lilipotua, nje kulisikika kikohozi, kikavu, mara mbili. Huenda alikuwa Khamala na vumbi la makaa yake. Kasyoka alinyanyua kichwa.

"Ingia, mzee," akasema. "Hakuna mgonjwa humu."

Akangoja mpaka giza likaingia. Mlango haukufunguliwa.